Kijibibi cha Ukutani

Mzee Mndolwa aliinua mguu kiasi cha kupisha siafu, na ukuta mzima ukachanua maua.

Yalikuwa maua mazuri, hilo siwezi kulikana. Mekundu, ya manjano, na vipepeo juu yake kama sherehe ya chekechea. Sauti ya binti ikatoka ukutani: "Hongera sana, mzee wetu! Umefanya vizuri mno!"

Mndolwa akautazama ukuta kama mtu aliyeletewa chai ya chumvi.

"Nimefanya nini?"

"Hongera sana!" ukuta ukajibu.

"Tunu," akamwita muuguzi, "huu ukuta wenu ni mzima kweli? Mguu haujatoka chini. Nimeuburuta kama gunia la mkaa, unanipa maua. Nikija kuanguka utanipa keki?"

Mimi nilikuwa benchi la nyuma, bakuli la wali mapajani, namsubiri mjukuu wangu Nyanso apumzike ale. Maua yale yalikuwa kazi ya mikono yake. Ndiye aliyeajiriwa pale Kituo cha Miguu cha Kwemdimu kuchora vile vitu ambavyo mgonjwa anaviona ukutani anapofanya mazoezi. Mgonjwa anavalishwa soksi ndefu mpaka kwenye paja, zimefumwa kwa nyuzi zinazosikia msuli. Msuli ukishtuka, hata mshtuko mdogo ambao mwenyewe hana habari nao, nyuzi zinauambia ukuta, na ukuta unageuza habari ile kuwa picha. Nyanso aliwahi kunieleza kwamba picha ikichelewa hata kwa kufumba jicho, ubongo unasusa, unasema mguu ule si wangu, utafutieni mwenyewe. Kwa hiyo picha lazima iende na mguu kama kivuli. Wakubwa wake wakaongeza sharti lao: kivuli kisimvunje mtu moyo. Basi ukisogea, ua. Usiposogea, ua dogo.

Na Mndolwa hakuwa na nafasi ya maua. Kiharusi kilimpitia upande wa kulia, na mvua za vuli zikiisha angekuja mkaguzi. Asiyeweza kutembea mbele ya mkaguzi anavalishwa suruali za kutembeza. Unazijua. Zile za kijivu, zenye mota magotini, zinampeleka mzee dukani na kumrudisha nyumbani, wote hatua moja kama askari wa gwaride, ukimwona mtu kwa nyuma hujui umsalimie nani. Hawaanguki, hilo ni kweli tupu. Lakini mguu unaotembezwa unasahau kazi, msuli unayeyuka, na mimi sijasikia mtu aliyezivua suruali zile akatembea tena.

"Mkinivalisha kitu kile," Mndolwa alikuwa akisema, "mnitundike na namba ya gari kabisa."

Alikuwa anasema kwa kucheka, lakini usiku halali. Mkewe ndiye aliyeniambia.

Basi siku ile nikaweka wali kwenye benchi, nikasimama.

"Hebu tazameni, jamani," nikasema. "Mzigua anakwenda kuposa."

Nikatembea. Mguu wa kulia nikautupa nje kama fyekeo, wayo nikauburuta, nyonga nikaibinua, bega likapanda mpaka sikioni, na mdomo nikauuma vilevile anavyouuma yeye. Ukumbi ukalipuka. Tunu alishikilia meza asianguke.

Mgeni angesema bibi huyu hana haya, anamcheka mgonjwa. Lakini mimi ni Mnyamwezi na yule ni Mzigua, na mambo hayo babu zetu waliyamaliza tangu enzi za misafara: ananitukana, namtukana, hakuna kesi. Na sisi watani ndio tunaoigiza wafu. Mtu wa kwao akifa navaa kofia ya marehemu, napita mbele ya wafiwa kwa mwendo wake, mpaka mjane anacheka huku machozi yanamtoka. Matembezi ya watu ndiyo niliyoyasomea. Mengine niliishia darasa la saba.

"Mwongo mkubwa!" Mndolwa akafoka, macho yanamwaka. "Mimi sitembei hivyo, we mpagazi! Mguu wangu hauendi nje namna hiyo!"

"Unakwendaje?"

"Hivi!"

Akanionyesha. Goti likapanda, na kidole gumba cha mguu, kilichokuwa kimelala tangu Ramadhani, kikainuka kikatazama dari.

Ukuta ukatoa maua yaleyale ya siku zote. Nyanso alikuwa mlangoni na kishikwambi chake, wala hakuyatazama.

"Msuli wa muundi," akasema taratibu. "Haujawahi kushtuka hata siku moja. Bibi, rudia."

"Nirudie nini, mke mwenzangu?"

"Kumcheka."

*

Akanivalisha soksi na mimi, nikatembea chumbani kwake mwendo wa kila mtu ninayemjua, walio hai na waliokwisha kwenda, mpaka magoti yakaomba radhi. Kutokana na hayo akachora kijibibi. Kifupi, kinene kidogo (nililalamika, hakusikia), khanga kiunoni na mzigo kichwani. Mzigo ulikuwa amri ya Mndolwa. "Mnyamwezi bila mzigo ni mgeni rasmi," alisema. "Mtwishe."

Kazi yenyewe haikuwa nyepesi. Kwanza Nyanso alikisimamisha Kijibibi kikitazamana na mgonjwa, kama kwenye kioo, na Mndolwa akachanganyikiwa, akawa anainua mguu mzima. Akakihamishia pembeni, upande wa mguu mgonjwa, wakawa wanatembea kuelekea mahali pamoja kama watu wawili wanaokwenda shambani. Halafu ukaja ubishi wa kosa. Kijibibi kazi yake ni kuchukua kosa la mguu na kulikuza. Likikuzwa kidogo, mtu halioni. Likikuzwa kupita kiasi, anaona katuni, anasema yule si mimi. Nyanso alikuwa akiongeza na kupunguza kama mpishi anayeonja chumvi, anamtazama Mndolwa usoni badala ya kutazama mguu, mpaka alipofika mahali mzee anachomeka, lakini anachomeka huku anacheka.

"Hapo," akasema. "Usiguse tena."

Lakini ufundi wenyewe ulikuwa kwenye zawadi. Kosa likipungua, Kijibibi kinakosa cha kuigiza. Uso unakishuka, mdomo kinaubetua, kinanuna, na kwa kuwa hakina tena la kufanya, kinatembea tu mwendo wangu mimi, wa siku zote, mzigo kichwani.

"Zawadi siyo ua," Nyanso akaeleza. "Zawadi ni kumwona Bibi amekosa la kusema."

"Hiyo mimi sijaiona maisha yangu yote," akasema Mndolwa. "Nileteeni soksi."

Akawa habanduki pale ukutani. Ukipita nje ya chumba chake cha mazoezi unasikia matusi ya Kizigua na cheko langu lililorekodiwa, zamu kwa zamu. Wagonjwa wengine wakaleta viti vyao kwenye ukumbi ili wasikie. Mguu ukaacha kufyeka, ukaanza kukunja goti. Wakubwa wa mkoani wakaja, wakakaa, wakacheka mpaka wakavua miwani, wakasema kitu hiki kipelekwe vituo vyote. Nyanso aliponiambia alinikumbatia jikoni nikiwa na mwiko mkononi, uji ukammwagikia mgongoni, hakusikia hata moto.

*

Siku ya kuanguka tulikuwa ukumbini, mimi na Tunu, tunakunywa chai. Mlango wa Mndolwa umefungwa, matusi yanatoka kama kawaida.

"We mpagazi! Njoo unibebe!"

Kisha cheko langu, kutoka ukutani.

"Nakwambia njoo, Mnyamwezi uliyelaaniwa! Kazi yako si kubeba? Njoo ubebe basi!"

Watu wakacheka. Mimi nikapaza sauti kuelekea mlangoni: "Jibebe mwenyewe! Mimi nina mzigo tayari!"

Ukumbi ukafurahi. Mndolwa akaita tena, akanitajia na bibi yangu mzaa mama, na Tunu akasema leo mzee ana nguvu. Tukamimina chai nyingine. Tukaongea habari za binti wa fundi baiskeli aliyeolewa na rubani wa zile ndege ndogo za dawa. Chai ikapoa, tukaimaliza vilevile. Ndipo nikagundua kwamba ndani linasikika cheko langu peke yake, zamu ya pili haiji.

Nikafungua mlango.

Alikuwa sakafuni, mguu umekunjika chini yake, jasho limemlowesha shati. Na ukutani, pembeni yake, Kijibibi nacho kilikuwa kimelala sakafuni, mguu umekunjika zaidi ya wake, kinacheka. Cheko langu mwenyewe. Sikujua kwamba lina ukali ule.

"Ulikuwa unaita," nikasema.

"Nilikuwa naita."

"Kwa nini hukusema umeanguka?"

"Nimesema njoo unibebe. Ulitaka nisemeje, Kalunde? Nikuandikie barua?"

Tukamwinua na Tunu. Alikuwa mzito. Alipopita mbele ya ukuta, Kijibibi kikasimama pamoja naye, kikaanza kuigiza anavyoshikiliwa. Tunu akauchomoa waya.

Picha ya mifupa ilionyesha hakuna kilichovunjika. Nyonga ilivimba, basi. Jioni Nyanso akatukalisha chumbani kwake, macho mekundu, kishikwambi tayari mkononi.

"Nimekwisha kurekebisha," akasema kabla hatujamuuliza. "Mtu akianguka, cheko linakatika hapohapo, ukuta unakuwa mweupe wote, kengele inalia mpaka kwa Tunu. Haitatokea tena."

"Vizuri," nikasema. "Sasa kizime."

Mndolwa akageuka kwenye kiti. "Kizimwe nini?"

"Kijibibi."

"Mkaguzi yuko njiani, wewe unanizimia mguu? Unataka nivalishwe bati?"

"Mwendo ule ni wangu na cheko ni langu. Nina haki ya kusema."

"Bibi," Nyanso akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejizuia, "huko vituo vingine kuna watu wanaletewa maua hivi tunavyoongea. Miguu yao inakufa kwa hongera. Nikizima hiki, wao wanapata nini? Wanapata suruali. Hilo umelifikiria?"

Nilikuwa nimelifikiria. Ndilo lililokuwa linaniuma.

"Mke mwenzangu, sikiliza. Mimi nikimcheka mzee huyu, akianguka namwinua. Akiugua napeleka uji. Akifa nashika jembe. Ndiyo bei ya kumcheka, na ananijua naimudu. Kile cha ukutani kinamcheka bure. Umekipa mdomo wangu, hukukipa mikono."

"Kengele ndiyo mikono yake."

"Kengele inamwita Tunu. Tunu ni Mpare, mwache afanye uuguzi wake. Mimi nasema aliyecheka ndiye aje."

Nyanso akaitazama sakafu. Mndolwa akasema polepole, bila kunitazama:

"Nilipokuwa pale chini, kiliponicheka, nilisikia aibu. Kwako wewe sijawahi kusikia aibu, na umenicheka tangu sina ndevu. Nikawa najiuliza, hii nayo inatoka wapi." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Lakini usikizime, Kalunde. Nakuomba. Nikose adabu, nikose usingizi, mguu wangu nisiukose."

Hilo neno nakuomba kwa mtani halitoki kirahisi.

"Kuna soksi nyingine?" nikamuuliza Nyanso.

"Za nini?"

"Za kwangu. Nizivae nikiwa nyumbani. Anapofanya mazoezi, kiwe ni mimi kweli, palepale, siyo nilivyotembea mwezi uliopita. Nione mguu wake, nimwigize mwenyewe, nimcheke mwenyewe. Nikivua soksi, ukuta uzime. Akianguka nimwone, nije mbio."

"Wewe na mbio?" Mndolwa akasema.

"Nitakuja kwa matusi, yatatangulia."

Nyanso hakucheka. Alikuwa anapiga hesabu ya aina nyingine kichwani. "Kitu kama hicho hakinakiliki, Bibi. Siwezi kukipeleka mikoani. Kila kituo itabidi kitafute mtu wake, aliye hai, aliye tayari, na mgonjwa amkubali. Wakubwa hawatasubiri. Watarudisha maua."

"Labda."

"Na mimi?"

Nikamshika mkono. Uongo wangu naumudu kwa watu wengine, kwa yule mtoto siumudu. Aliniacha nimshike. Baada ya muda akauvuta mkono, akafungua kabati, akatoa soksi.

Wakubwa walirudisha maua, kama alivyosema. Vituo viwili vitatu viliandika kuuliza: kule Kwediboma mzee mmoja na shemeji yake, kwingine mama na wifi yake, watu waliokwisha kuzoeana kwa maneno. Nyanso aliwajibu mmoja mmoja, akawatumia soksi pea mbilimbili. Wengine wote wakabaki na vipepeo.

Na mimi kila asubuhi nikawa navaa soksi kama mtu anayekwenda kazini, nazunguka jikoni kwangu kati ya jiko na pipa la maji, kioo kidogo cha picha alichonipa Nyanso kimetundikwa kwenye msumari wa chujio, ndani yake mguu wa Mzigua. Ukifyeka, nafyeka mara dufu. Ukiburuta, naburuta nikiwa nimeshika na sufuria. Ukienda sawa, nanuna kwa moyo wote, halafu natembea zangu, na yeye pembeni yangu, kimya, tukizunguka jiko moja tukiwa nyumba mbalimbali. Siku nyingine tulikwenda hivyo muda mrefu. Sikumwambia kwamba nilikuwa nayapenda mazunguko yale kuliko kumcheka.

*

Mkaguzi aliitwa Ngaiza, kijana wa shati lililonyooka, ana heshima zake. Alinipa shikamoo, akampa Mndolwa, nusura aupe na ukuta. Ukuta ulikuwa umezimwa. Ndiyo sheria: siku ya mkaguzi hakuna picha, hakuna fimbo, hakuna mtu wa kukushika. Unatoka mlangoni, unafika kwenye kiti kilicho dirishani, unakaa.

Mndolwa akasimama mlangoni, akavuta pumzi, akaenda.

Goti lilipanda. Wayo uliinuka, kisigino kikatangulia kugusa chini kama inavyotakiwa. Hakuyumba hata kidogo. Nilikuwa nimeanza kumshukuru Mungu nilipoona Tunu ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Nikatazama tena.

Shingo imenyooka kama ya mtu aliyetwishwa debe. Mkono wa kushoto umeshika kiunoni, palepale pindo la khanga linapokaa. Na nyonga, mwenzangu, nyonga ilikuwa inakwenda huku, inatulia, inakwenda huku, inatulia, kwa madaha ya bibi aliyeolewa akiwa bado mbichi. Mzee mwenye mvi mpaka kwenye nyusi.

Nyanso alinitazama. Hapo ndipo akili ilinijia. Kila alipotembea vizuri, mimi nilitembea mwendo wangu, na yeye aliufuata, kwa sababu ndio aliokuwa akiuona pembeni yake. Hakuwa na mwingine.

Akafika kwenye kiti, akakaa, akakunja nne. Usoni ana furaha ya mtu asiyejua lolote.

Ngaiza alikuwa ameinamia kishikwambi chake. "Mzee, hongera. Hukuyumba, hukuburuta." Akasita. "Ila mwendo huu. Chombo kinaniuliza kama ndio mwendo wako wa kabla ya kuugua. Kama ni mpya, sheria inauhesabu kuwa ni wa kufidia ugonjwa. Inaaminika utaumiza nyonga. Na hapo, samahani sana, ni suruali."

"Misuli yake ni mizima," Nyanso akasema haraka. "Tazama muundi, tazama paja. Hakuna kinachofidia chochote."

"Naona, dada. Ningeweza ningeliandika hilo. Hapa pananitaka niseme ni wa zamani au ni mpya, basi. Kuna picha zake za zamani akitembea?"

Hakukuwa na picha. Mndolwa maisha yake yote aliikimbia kamera kama kuku.

"Kuna mtu amfahamuye tangu zamani? Asiwe wa ukoo wake."

Nikasimama. Mndolwa akanitazama, na furaha ikamtoka usoni kama maji kwenye karai lililotoboka, maana sasa alikuwa ameelewa kwamba kuna kitu, na kwamba mimi ndiye nimekishika.

"Namfahamu tangu hajaota ndevu," nikasema. "Ndivyo anavyotembea."

"Hivi hivi?" Ngaiza akauliza. "Na hicho... kiuno?"

"Hasa hicho kiuno, mwanangu. Tangu ujana. Ni ukoo wao. Baba yake naye akipita sokoni kina mama tulikuwa tunampisha, tena kwa wivu."

Tunu akatoka nje. Tulimsikia kwa mbali.

"Mzee," Ngaiza akasema, amejitahidi uso wake usionyeshe kitu, "lazima nisikie kutoka kwako. Ni kweli?"

Nje ya dirisha mtu mmoja alikuwa anapita kwenye suruali za kijivu, hatua, hatua, hatua, uso umetazama mbele, na Mndolwa akamfuata kwa macho mpaka akakunja kona.

"Ni kweli," akasema.

"Tangu ujana?"

"Tangu ujana."

"Kiuno na vyote?" nikauliza mimi.

"Bibi, maswali ni yangu," Ngaiza akasema.

"Na vyote," akasema Mndolwa, kama mtu anayemeza mwarobaini.

Ngaiza akagusa kioo chake, akaandika ni wa zamani. Akatushika mikono wote, akaaga, na alipofika uwanjani tulimwona amesimama nyuma ya gari, mabega yanatikisika.

Mndolwa akasimama mwenyewe, bila kushika kiti.

"Kalunde."

"Abee."

"Hili utanilipa."

"Nitakulipa. Tembea kwanza. Tena pita mbele, nikuone vizuri."

Akapita mbele. Na Mungu ni shahidi wangu, kwa kiuno alikuwa ananishinda.